Malipo ya Viatu, Namba Ishirini na Tisa

Kuna watu wanaoharibikiwa kwa pombe, na wengine kwa kamari. Mimi niliharibikiwa kwa adabu, tena adabu ile ile niliyochapwa fimbo nyumbani mpaka ikaniingia. Nasema mapema ili msomaji asingoje atokee mtu mbaya aliyenifanyia ubaya. Hakuna. Wote waliohusika walikuwa watu wa kawaida waliofanya kazi zao, na ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaani.

Miaka ile nilikuwa nakaa Laurel, Maryland, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili niliyochangia na Mkenya mmoja mtu mzima, mwenyeji wa bara kwao, ambaye kazi yake ilikuwa kumtunza mzee mgonjwa wa Kimarekani huko Bowie. Mimi nilikuwa naandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya Springfield, Virginia, iliyokuwa na mikataba ya serikali. Kutoka Laurel hadi Springfield si mbali kwenye ramani, lakini asubuhi ni saa nzima na nusu ya kutazama taa nyekundu za magari ya wenzako. Viza yangu ilikuwa ya kazi. Maana yake ni kwamba kampuni ndiyo iliyokushika mkono, na siku ikikuachia unaanza kufunga mizigo.

Mke wangu na binti yetu walikuwa Antwerp, Ubelgiji. Alitangulia kwenda kule kusomea uuguzi kabla mimi sijapata kazi Marekani, akajifungulia kule, akapata kazi hospitalini. Ningeweza kumleta kwangu kama mke wa mwenye viza, ila sheria ya wakati ule haikumruhusu mke wa namna hiyo kufanya kazi hata ya kuosha vyombo.

"Nije nikae kwenye kochi nikungoje utoke kazini?" aliniuliza kwenye simu. "Wewe ungekubali?"

Nisingekubali. Kwa hiyo tulipatana kwamba mimi ndiye nihame, tena kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza. Alikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa, na shule ingefunguliwa Septemba. Mke wangu alisema, wala hakusema kwa hasira, kwamba mtoto akianza shule bila baba atazoea, na akishazoea hatauliza tena.

Njia ya kuhamia kule niliiona moja tu. Palikuwa na kampuni ndogo ya Kibelgiji, ya watu sita, iliyokuwa ikiwawekea wenye biashara programu huria: programu ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuifungua, kuirekebisha na kuirudisha ikiwa bora zaidi. Hii ilikuwa ya kuendesha biashara, ghala na ankara na mishahara humo humo. Wakati ule mabenki ya Ulaya yalikuwa yanabadili utaratibu. Zamani kila nchi ilikuwa na faili lake la kuagiza benki ilipe watu. Mbelgiji na lake, Mjerumani na lake, Mfaransa na lake. Sasa lilikuja faili moja la nchi zote za yuro, na programu yetu hii haikujua kuliandika. Wateja wa ile kampuni walikuwa wameanza kulalamika.

Nilimwandikia mwenye kampuni kwamba kazi hiyo naiweza. Alinijibu kistaarabu na kwa kifupi. Alisema hawezi kumwombea kibali cha kazi mtu aliye ng'ambo ya bahari asiyemjua, kwa sababu ya wasifu tu. Lakini kama sehemu hiyo ya malipo nitaiandika mimi, na wasimamizi wa mradi wa programu hiyo wakaipokea katika toleo jipya la mwezi wa sita, atakuwa na hoja ya kuipelekea serikali yake, na Agosti nitakuwa kwake. Barua pepe ile niliichapa nikaikunja nikaiweka ndani ya pasipoti.

Nikaanza. Jumamosi zote nilikuwa maktaba ya mji pale Laurel, milango ikifunguliwa mimi niko nje na kompyuta yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe. Hilo la kompyuta lishikeni, maana nitaulizwa baadaye. Siku za kazi sikugusa hata mstari mmoja nikiwa ofisini. Nilijifunza kanuni za benki kutoka kwenye kitabu cha kurasa mia na kitu nilichokuwa nimekichapa, nikawa nakisoma wakati wa chakula cha mchana ndani ya gari, wali na maharage vikiwa kwenye kopo mapajani.

Ni kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa na utamu wake. Namba ya akaunti ya Ulaya ni ndefu, ina herufi na tarakimu, na ina ujanja wake wa kujikagua. Unachukua alama nne za mwanzo unazipeleka mwisho, herufi unazigeuza kuwa tarakimu, kisha dude zima unaligawanya kwa tisini na saba. Ikibaki moja, namba ni nzima. Isipobaki moja, kuna mtu kakosea kuandika. Nilikuwa na namba ya akaunti ya mke wangu kwa sababu ndiko nilikopeleka matumizi, nikaipitisha mara ya kwanza, ikabaki moja. Nilicheka peke yangu pale maktaba hadi bibi wa dawati akaniangalia juu ya miwani.

Saa ya mchana wangu ilikuwa jioni yao. Nilinunua kadi za simu kwenye duka la Waafrika, zile unazokwangua namba, zinazokuahidi saa mbili na kukupa dakika arobaini. Nikiwa kwenye maegesho ya Springfield nilimpigia mke wangu, naye alimpa mtoto simu. Siku moja mtoto aliniambia viatu vinambana. Alisema kwa Kiswahili, "Baba, viatu vinauma." Nilimuuliza mama yake anavaa namba ngapi sasa. Ishirini na tisa, akasema, juzi tu ilikuwa ishirini na saba.

Ile wiki nilikuwa natengeneza faili la mfano. Huwezi kuwaambia watu programu yako inafanya kazi bila kuwaonyesha ilichoandika. Kuna nafasi ndani ya faili la benki ya kuandika malipo ni ya nini, herufi mia moja na arobaini. Wenzangu wa mradi nafasi hiyo huijaza upuuzi tu. Mimi nilitunga duka, nikatunga namba ya akaunti inayopita hesabu ya tisini na saba, na kwenye nafasi ile nikaandika: viatu vya mwanangu namba 29. Nikalituma kwenye orodha ya barua pepe ya mradi ili kila mtu alitazame.

Siku tatu baadaye jibu likaja kutoka Ubelgiji. Walikuwa wamelipeleka faili langu benki yao, kwenye mahali pa majaribio. Mwenye kampuni aliandika kwamba limepita, na kwamba mafaili ya watu wengine wawili waliojaribu kabla yangu yalikataliwa yote. Akasema sasa nitume programu yenyewe pamoja na karatasi moja iliyosainiwa, karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi ni yangu na nina haki ya kuitoa. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi wa tano.

Hapo ndipo nilipofanya lile nililolifanya.

Kwetu, huchumi hata mchicha ulioupanda wewe mwenyewe bila kumwambia mama kwamba unauchuma. Si kwamba atakukataza. Ni kwamba humpiti mtu mzima kana kwamba hayupo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakwenda hata msibani bila kumwandikia mwalimu mkuu barua, ijapokuwa mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anakwenda msiba huo huo. Mimi nilikuwa nakula chakula cha kampuni ile, nilikuwa Marekani kwa jina lake. Niliona ni utovu wa adabu kusaini karatasi kwamba nina haki, kisha siku moja niende kwa bosi wangu nimwambie naondoka kwenda kufanya kazi niliyoipata kwa mlango wa nyuma. Niliona niage mapema, vizuri, kama mtu aliyelelewa. Na nisijipambe: kulikuwa na woga pia humo ndani. Lakini woga peke yake ungenifanya nikae kimya. Adabu ndiyo iliyonifungua mdomo.

Nilimwambia mke wangu kabla, nikidhani atanisifu.

"Umeshatuma?" aliuliza.

"Bado. Naomba ruhusa kwanza."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya bosi."

"Kwani umeifanya saa zake?"

"Hapana."

"Kwa kompyuta yake?"

"Hapana, yangu."

Nilisikia maji yakichuruzika bombani jikoni kwake. "Sasa baba, unapiga hodi ya nini kwenye nyumba yako mwenyewe?"

Nilimwambia haelewi mambo ya ofisi za Marekani. Nilikuwa na kichwa kigumu, na mtu mwenye kichwa kigumu akijiona pia ana adabu, huyo hashauriki.

Nilivaa tai. Ofisini kwetu hakuna aliyevaa tai isipokuwa siku ya kuonana na watu wa serikali. Niliingia kwa meneja wangu, mzungu mpole mwenye kuumwa mgongo, nikamuuliza hali ya mgongo, nikamuuliza mtoto wake aliyekuwa anakwenda chuo, nikamuuliza na mbwa. Kisha nikatoa barua yangu ya ukurasa mmoja na nusu, nikaieleza kwa mdomo pia. Nilimwambia kazi nimeifanya Jumamosi, kwa kifaa changu, inahusu benki za Ulaya, na kwamba sitaki kuitoa bila baraka yake.

Aliisoma hadi mwisho. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kama hili," alisema. Nilidhani ananisifu. "Mimi sijui. Ngoja niwapelekee wanasheria."

Nilimshukuru mara mbili. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikala mchana kwa hamu, na nikampigia mke wangu kumwambia bosi ameipokea vizuri.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nikawaandikia Ubelgiji wanivumilie. Wasimamizi wa mradi wakauliza kwenye orodha kama kuna tatizo na programu. Nikajibu hakuna tatizo lolote, nangoja karatasi tu.

Mkenya wangu nilimweleza Jumapili moja akikaanga sukuma wiki kabla hajaenda Bowie. Alizima jiko ndipo akanigeukia.

"Hebu rudia. Wewe ulienda kumuuliza bosi?"

"Nilimuuliza."

"Ukamwandikia na barua?"

"Ndiyo."

"Bro, ungesubmit tu! Hao watu wa Ulaya wangemcall bosi wako kumwambia nini? Hata hawamjui." Alishika kichwa kwa mikono miwili, mafuta na yote. "Nyinyi Watanzania mtauliwa na hii tabia ya 'naomba samahani' na 'naomba'. Hii ni America. Ukiuliza, unaforce mtu akujibu. Na mtu akiforciwa kujibu, atasema no, ndiyo asipate shida."

Nilikasirika. Nilimwambia Wakenya ndio wasio na adabu, wanaingia popote bila kubisha. Alinipakulia ugali, akakaa mbele yangu, tukala wote wawili. Alichelewa Bowie siku ile kwa ajili yangu, nami najua mzee wake hakupenda kusubiri.

Barua ya wanasheria ilikuja siku tano kabla ya mwezi wa tano kwisha. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilinishukuru kwa uaminifu wangu. Ya pili ilinikumbusha kipengele cha mkataba nilichosaini siku ya kwanza, kwamba programu yoyote nitakayoibuni nikiwa mwajiriwa, ikiwa inagusana na biashara ya kampuni, ya sasa au itakayokuja, ni mali ya kampuni. Kampuni ilikuwa na kijiprogramu cha kuandikia ankara za serikali, na hicho kilitosha kuwa mgusano. Ya tatu ilinitaka nikabidhi nakala zote na nisimpe mtu mwingine, kwa maandishi wala kwa mdomo.

Meneja alinikabidhi kwa mkono wake. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema, "Laiti usingeniuliza." Alisema kwa huruma ya kweli, na nadhani ndilo neno lililoniumiza kuliko yote yaliyokuwamo kwenye barua.

Nisingeomba, nisingekatazwa. Kabla ya barua ile ningeweza kusaini kwa moyo safi kama wanavyosaini mamia ya watu wenye mikataba kama yangu, ambao hakuna anayewauliza kitu. Sasa nilikuwa nimeambiwa kwa maandishi, na nakala iko kwenye jalada langu pamoja na viza yangu. Nilifikiri kutuma hivyo hivyo. Nilikaa kwenye gari pale maegesho, kompyuta mapajani mahali pa kopo la wali, nikaandika barua pepe, nikaambatisha kila kitu. Kisha nikamfikiria mwenye kampuni wa Ubelgiji akifungua siku moja barua ya mwanasheria wa Virginia, watu wake sita wakimtazama. Nikafuta. Alasiri ile ile nilikabidhi nakala kwenye diski, nikasainishwa.

Kule Ubelgiji hawakunigombeza. Mwenye kampuni aliandika kwamba anasikitika sana, na kwamba kwa kuwa wateja wanangoja, watampa kazi kijana mmoja wa Gdansk, Poland, aandike upya kuanzia mwanzo. Aliniomba, kwa usalama wa wote, nisichangie ushauri wowote. Kijana yule alikuwa akiuliza maswali kwenye orodha, maswali ambayo mimi nilikuwa na majibu yake yote. Aliuliza kwa nini benki inamkatalia faili siku za Jumamosi. Nilijua kwa nini. Nilikaa nimekunja mikono nikisoma watu wakimjibu kimakosa, hadi siku ya nne akagundua mwenyewe.

Kazi yangu kampuni haikuitumia hata siku moja. Nilipokuja kuacha kazi pale miaka mingi baadaye, nilimuuliza binti wa ofisi ya waajiriwa kuhusu diski ile. Alitafuta kwenye jalada, akapekua hadi mwisho, akaniambia kwa tabasamu kwamba hakuna diski yoyote.

Septemba shule ikafunguliwa. Mke wangu alinitumia picha. Mtoto amevaa mkoba mkubwa kuliko mgongo wake, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Simu za mchana ziliendelea. Mwanzoni mtoto alinieleza yote kwa Kiswahili, baadaye nusu kwa nusu. Kufika mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nauliza kwa Kiswahili naye ananijibu kwa Kiholanzi cha kule. Alikuwa ananielewa kabisa. Alikuwa tu hana tena sababu ya kujisumbua.

Nilikwenda Krismasi kwa viza ya matembezi, siku kumi. Nilibeba viatu. Nilivinunua kwenye duka la Laurel, vyeusi vyenye mkanda, na nilimwomba muuzaji anibadilishie namba ya Ulaya kuwa ya Marekani. Sikumpigia mke wangu kuuliza. Kwa nini niulize? Namba niliijua, nilikuwa nimeiandika kwa mikono yangu na kuitazama miezi mitatu. Mtoto alikaa sakafuni, akasukuma mguu, haukuingia. Akasukuma tena kwa heshima, akamtazama mama yake na kusema kitu.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema ni vizuri sana," mke wangu alinitafsiria. Kisha akaongeza polepole, "Anavaa thelathini na moja."

Tulikuwa watatu mle ndani na mmoja alihitaji mkalimani. Mke wangu hakunitupia neno la hodi, siku ile wala siku nyingine. Alivirudisha viatu kwenye boksi na kulifunika. Nilipokuwa naondoka uwanja wa ndege alinishika mkono akasema nisije tena na mpango wa kuhamia, maana mpango unamchosha kuliko kungoja. Hatukuachana mwaka ule. Tuliachana baadaye, bila kelele, kwa karatasi zilizokuja kwa posta na mahali pa mimi kusaini pamewekwa alama.

Nina jambo moja la mwisho. Siku hizi nakaa peke yangu. Mwaka juzi kazi mpya ilinitaka niifungue ile programu huria, ambayo sikuwa nimeigusa tangu wakati ule. Sehemu ya malipo ya Ulaya imo, nzuri, safi, na jina la kijana wa Gdansk liko juu, kwa haki yake. Nilipoingia kwenye mafaili ya majaribio nilikuta faili la mfano. Walikuwa wameliacha lile langu. Lilikuwa limetumwa hadharani kabla sijaomba ruhusa, kwa hiyo hakuna aliyelidai, na kwa kuwa lilipita benki siku ya kwanza, waliendelea kulitumia kama kipimo. Maneno yaliyomo hakuna aliyeyaelewa, wala aliyeona sababu ya kuyabadilisha.

Kila mtu popote anaporekebisha programu ile, inajijaribu yenyewe kwanza, na katika kujijaribu inalipa viatu vya mwanangu, namba ishirini na tisa, na malipo yanakubalika. Binti yangu sasa anavaa thelathini na tisa. Nilimuuliza mama yake.